Je, Nuru Yake Inaishia Hapo?



Barabara ya Magadi ikishapita Kiserian hupanda hadi Kona Baridi, kisha nchi yote huteremka mbele yako kuelekea Bonde la Ufa. Ukisimama pale usiku wa mwezi wa Mei, mawingu ya masika yakiwa yameachana, unapata mbingu mbili. Nyuma yako, upande wa Nairobi, anga imepauka kwa taa za jiji, za Karen, za Rongai na za Ngong yenyewe. Mbele yako, upande wa Olorgesailie na Magadi, giza limekolea na nyota zimejaa. Upepo ni ule ule unaozungusha mitambo ya umeme juu ya vilima vya Ngong, basi jifunike vizuri.

Yapata saa tatu usiku, geukia kusini. Msalaba wa Kusini utauona bila shida. Juu yake, upande wa kushoto, kuna kitu kinachofanana na nyota yenye ukungu. Hiyo ni Omega Centauri, kundi la mamilioni ya nyota. Nyoosha mkono, pima upana wa vidole vitatu juu ya kundi hilo, kisha utazame kwa darubini ndogo ya mkononi. Utaona kidoa kidogo cha mwanga uliofifia. Jina lake ni Centaurus A, nayo ni galaksi nzima iliyo umbali wa miaka-nuru milioni 12 hivi. Mwanga unaoingia jichoni mwako ulianza safari zamani sana kabla ya mtu yeyote kuchonga shoka la mawe pale Olorgesailie.

James Dunlop aliiona galaksi hii mwaka 1826 akiwa Parramatta, Australia. Miaka michache baadaye John Herschel aliichunguza kutoka huku huku Afrika, kwenye Rasi ya Tumaini Jema, akaona mkanda mweusi umeikata katikati. Wote wawili waliandika kwa uaminifu kile ambacho macho yao yaliweza kupokea. Lakini macho yao, kama yangu na yako, yalifika mahali yakakoma.

Nataka nikae nawe hapo juma hili, mahali macho yanapokoma.

Siku hizi picha za sehemu hiyo ya anga ziko wazi kwa kila mtu, na iko programu ya kuzifungua iitwayo DS9, iliyotengenezwa na Smithsonian Astrophysical Observatory ya Marekani, isiyolipiwa hata senti moja. Kijana aliye Ngong, Isinya au Kitengela, mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti ya kadiri, anaweza kuileta Centaurus A kwenye meza ya chumbani mwake usiku huu huu. Mwanzoni ataona kile kile: duara la mwanga, mkanda mweusi katikati, na weusi pande zote.

Sasa, ndani ya picha ya namna hiyo kila pikseli ni namba. Kamera imehesabu mwanga ulioanguka pale na kuandika hesabu yake. Picha nyingi za kisayansi huweza kubeba namba kuanzia 0 hadi 65,535, ilhali kioo cha kompyuta ya kawaida huonyesha ngazi 256 tu kutoka weusi hadi weupe. Kwa hiyo mengi yaliyoandikwa ndani ya picha hayafiki machoni. Pikseli mbili zenye namba tofauti huonekana nyeusi zote mbili, nawe ukaapa kwamba hakuna kitu pale.

Ndipo unapoiagiza programu ichore mistari ya mwangaza. Inatafuta sehemu zote zenye kiwango kimoja cha mwanga na kuziunganisha kwa mstari, kisha inashuka kwenye kiwango cha chini zaidi na kuchora tena, na tena. Kama uliwahi kukaa darasa la jiografia, unaijua kazi hii. Ni ile mistari ya kontua kwenye ramani ya vilima vya Ngong, inayozunguka kilele chenye mita 2,460, ikibanana mahali mteremko ni mkali na kuachana nchi inapolala kuelekea nyanda za Kajiado. Tofauti ni kwamba hapa kinachopanda na kushuka ni mwanga.

Na mistari ile haikomi pale jicho lilipokoma. Inaendelea kutoka nje, mmoja baada ya mwingine, katika eneo ambalo dakika moja iliyopita ulisema ni tupu. Programu haijaongeza chochote. Haijapaka rangi wala haijabuni. Kila kilichojitokeza kilikuwemo tangu picha ilipopigwa.

Jambo hili wanaastronomia wanalijua sana, kwamba galaksi haina ukingo. Walipohitaji kuandika ukubwa wa kila galaksi kwenye orodha zao, iliwabidi wachague kiwango kimoja cha mwangaza na kukubaliana kwamba watapimia hapo, huku wakijua wazi kwamba nuru inaendelea ng'ambo ya mstari wao. Mpaka ni makubaliano ya wapimaji. Galaksi yenyewe haiutambui.

Mpendwa, ni nani ambaye umemwekea mpaka?

Sikuulizi ili nikulaumu. Sote huweka mipaka, kwa sababu siku ni fupi na watu ni wengi. Unapanda matatu ya 111 kutoka Ngong, kondakta anakuongelesha kwa ukali, na kabla hujafika mjini umeshampima: mtu mkali. Jirani hakuja kwenye mazishi: mtu asiyejali. Mtoto amerudi kutoka shuleni na alama za chini muhula wa pili mfululizo: mtoto mvivu. Tumechora mstari mmoja, tukaandika ukubwa wa mtu, tukafunga daftari. Huenda hata hatukusema uongo. Tulichokiona tulikiona kweli. Ila je, nuru yake ilikuwa imeishia pale, au ni macho yetu yaliyoishia pale?

Nirudi kwenye Centaurus A, kwa maana bado sijakuambia lililonigusa zaidi.

Kabla kompyuta hazijawa kitu cha kawaida, alikuwako mpiga picha wa anga aitwaye David Malin, Mwingereza aliyesomea kemia, akahamia Australia mwaka 1975 kufanya kazi kwenye Anglo-Australian Observatory. Wakati ule picha za anga zilipigwa kwenye mabamba ya kioo. Malin alibuni njia ya kunakili mabamba hayo kwa namna iliyotoa ule mwanga dhaifu kabisa uliolala kwenye tabaka la juu la dawa ya picha. Alichukua mabamba ambayo wengine walikwisha kuyatazama na kuyarudisha kabatini, akapata vitu visivyoonwa na mtu. Mwaka 1983 yeye na wenzake walichapisha walichokiona kuizunguka Centaurus A. Nje ya duara lile linalojulikana, yalikuwako maganda ya nuru, mapana na membamba, kama mapinde, moja nje ya jingine.

Maganda hayo ni nini? Wanaastronomia wanaeleza kwamba galaksi mbili zikikutana, ile ndogo huvutwa, hupasuliwa, na nyota zake hutawanyika zikipita huku na huko katikati ya ile kubwa. Kila mara zinapofika mwisho wa mwendo wao na kupunguza kasi kabla ya kurudi, hurundikana kidogo, nasi kutoka mbali tunaona upinde wa nuru. Ule mkanda mweusi alioushangaa Herschel pale Rasi nao ni vumbi, ambalo wengi huamini liliingia kwa mgongano huo huo. Kwa hiyo kidoa kile kinachoonekana kimetulia juu ya Kona Baridi kina historia ya pigo kubwa. Kiligongwa. Kilibadilika. Alama hazijafutika.

Lakini angalia pia kinachoendelea kwenye mkanda ule mweusi. Nyota mpya zinazaliwa pale. Gesi iliyobanwa na msukosuko inajikusanya na kuwaka, nyota changa za buluu, kando kando ya jeraha lenyewe.

Nimekaa na jambo hili kwa muda mrefu nikiwafikiria watu wa kaunti yetu. Mashamba ya pamoja yalipogawanywa na Kitengela ikakua kutoka kituo cha barabarani hadi mji, fedha za ardhi zilijenga nyumba nyingi na kuvunja nyumba nyingi. Wapo ndugu wa tumbo moja ambao hawajasalimiana tangu ekari fulani ilipouzwa. Wapo wazee waliokufa na neno la samahani likiwa bado mdomoni. Pengine wewe unayesoma ni mmoja wa walioumizwa, na kila ukisikia mahubiri ya kusamehe moyo wako unauliza: nisamehe vipi na alama bado zipo? Nikisema nimesamehe nami bado nakumbuka, si nitakuwa mnafiki?

Hapana, mpendwa wangu. Kusamehe hakumaanishi kwamba maganda yatatoweka. Centaurus A haikurudi kuwa kana kwamba haikugongwa. Kilichotokea ni kwamba nyota zile zilizokuja kwa kishindo zimewekwa, taratibu mno, ndani ya mwili mmoja unaong'aa. Kumbukumbu yako ya siku ile mbaya inaweza kubaki, na bado ukawa umesamehe kweli. Dalili yake ni kwamba pale palipoumia panaanza kuzaa kitu: unamwelewa mjane aliyedhulumiwa kuliko wanavyomwelewa wengine, unakuwa mpole kwa wakosaji, unajua kuomba kwa machozi. Je, umewahi kutazama pale penye jeraha lako ukauliza kama kuna kitu kinachozaliwa?

Na niseme jambo moja wazi, kwa kuwa baadhi yenu mnaishi na watu wanaopiga. Kusamehe hakukulazimu kurudi chini ya mkono unaokuumiza. Unaweza kusamehe ukiwa mahali salama, na Mungu anakuona huko pia.

Sasa huenda unauliza, mwanga dhaifu namna ile unapatikanaje? Hata usiku wa giza kamili, anga yenyewe ina mwangaza wake mdogo, na maganda ya namna hii yanaweza kuwa hafifu mara mia moja kuliko mwangaza huo. Ipo kazi ya kwanza anayoifanya mtu mwaminifu kabla ya kuchora mstari wowote. Anapima anga tupu iliyo pembeni ya picha, anapata kiwango chake, kisha anakiondoa kwenye picha yote. Akiwa amepiga picha karibu na Ngong mjini atakuwa na mengi ya kuondoa, kwa sababu taa zetu wenyewe zimeingia kwenye kila pikseli. Asipofanya hivyo atasema ni mwanga wa galaksi, kumbe ni mwanga wa Nairobi.

Kila mmoja wetu hutazama wengine akiwa chini ya anga yake. Uchovu wa leo, wivu wa mwaka jana, lile tusi la utotoni. Kabla ya kusema lolote juu ya mkwe wako au mzee wa kanisa lako, kaa kidogo mbele za Mungu uulize: katika hiki ninachokiona kwake, ni kiasi gani kimetoka kwangu? Kristo alitufundisha kuanza na jicho letu wenyewe, nasi tunajua kwamba hakusema hivyo ili tuone haya. Alitaka tuone vizuri.

Kazi ya pili ni uvumilivu. Picha moja ya dakika chache haitoshi. Huwa na chembechembe nyingi za kubahatisha, zile wanazoziita kelele, ambazo huruka juu na chini bila mpango na kuumeza mwanga mdogo. Dawa yake ni kupiga picha ile ile tena na tena, kisha kuzijumlisha na kutafuta wastani. Mwanga wa kweli hurudi mahali pale pale kila mara, lakini kelele hubadilika na kufutana. Ukijumlisha picha 16 kelele hupungua hadi robo, na ukitaka ipungue hadi sehemu moja ya kumi unahitaji picha 100. Hakuna njia ya mkato ndani ya hesabu hiyo. Kila hatua mbele inadai usiku mwingi kuliko hatua iliyotangulia.

Ninawapenda watu wanaoishi hivyo. Mama anayeamka saa kumi usiku kumwandalia mwanawe chai kabla ya basi la shule, mwaka hadi mwaka, bila mtu kumwambia asante. Mume anayempeleka mkewe kliniki ya Kajiado kila mwezi na kungoja kwenye benchi. Binti anayempigia baba yake simu kila Jumamosi ingawa baba hujibu kwa maneno matatu. Ukitazama siku moja tu ya maisha yao, huoni kitu. Huenda ukaona hata ukali, kwa maana siku moja ina kelele zake. Lakini ukizijumlisha siku zao zote, umbo la upendo linatokea lenyewe, nalo halina shaka. Kama wewe ni mmoja wao na umechoka, na unaona kwamba tendo la leo halikubadilisha chochote, usiache. Lihesabu pamoja na la jana.

Hapa lazima nikuonye kwa upole pia, kwa kuwa upendo huupenda ukweli. Programu inaweza kumdanganya mwenye haraka. Akishusha kiwango cha mstari mno, itachora visiwa vilivyovunjika kila mahali, na akitamani kuona kitu ataviita maganda. Akiilainisha picha kupita kiasi ili mistari ipendeze, atafuta hata kile kilichokuwamo. Mwangalizi mzuri hurudia kazi kwa picha nyingine, iliyopigwa usiku mwingine, aone kama mstari utarudi. Vivyo hivyo, kumpenda mtu si kumbunia wema asiokuwa nao. Wako wanaokaa miaka wakimlainisha mtu mioyoni mwao, wakikataa kuona anachofanya, kisha wanaita hali hiyo imani. Tazama tena, siku nyingine, kwa utulivu. Kilicho cha kweli hakiogopi kutazamwa mara ya pili.

Tena iko nuru ambayo hata uvumilivu wa macho hauwezi kuifikia, na historia yake ina sehemu ya pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, na mojawapo ya mambo makubwa iliyoyafunua ni kwamba kati ya galaksi zilizo kwenye makundi, mahali picha za kawaida zinaonyesha giza tupu, kuna gesi yenye joto kali ajabu. Leo watafiti huchora mistari ya eksirei juu ya picha ya kawaida ili mambo haya mawili yaonekane kwa pamoja. Nadhani kila familia ina mtu wa namna hiyo, asiyesema sana, asiyejulikana kwa kuimba wala kuongoza maombi, ilhali joto la nyumba nzima linatoka kwake. Ungemjuaje, kama hujabadilisha namna ya kutazama?

Mwandishi wa Zaburi ya 147 ameyaweka mambo mawili karibu karibu, jinsi Mungu anavyofunga vidonda vya mioyo iliyovunjika, na jinsi anavyoijua kila nyota kwa jina lake. Zamani nilidhani ameruka kutoka jambo dogo hadi jambo kubwa. Sidhani hivyo tena. Anayeweza kuiona nyota iliyotawanyika nje kabisa, kwenye ganda la mwisho la galaksi iliyogongwa, ndiye anayeweza kuona kilichobaki ndani ya mtu aliyevunjika. Ni uangalifu ule ule. Nawe pia unatazamwa kwa uangalifu huo, pamoja na yale yaliyo hafifu kwako ambayo umeacha kuyaamini.

Mpendwa, ulipokuwa ukisoma kuna jina lililokujia. Kabla ya Jumapili mtafute mwenye jina hilo. Kama yuko Kitengela nawe uko Ngong, mpigie simu. Kama yuko boma la pili, vuka uende. Usianze na ile kesi ya shamba wala deni la zamani. Muulize habari za watoto, za mifugo, za afya yake, kisha umsikilize kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea.